Ng'ombe wa Chini ya Ziwa

Katika nchi yetu ya Jumapili, ziwa lilikuwa limeondoka. Liliinuka asubuhi moja polepole, kama shuka inayoanuliwa kambani, likabaki likining'inia angani, na jua likawa linatufikia kupitia maji, la kijani, likitikisika. Chini palibaki uwanda wa nyasi ndefu na matope laini. Humo ndimo tulimotembea watu wanne, kila Jumapili baada ya ibada, huku tumeketi kwenye meza ya plastiki nyuma ya duka langu la fotokopi mjini Migori.

Mchezo wenyewe hauna ubao. Mtu mmoja husimulia, na huyo nilikuwa mimi. Wengine kila mmoja hubuni mtu wake, humpa maisha na tabia, kisha huamua atafanya nini. Pasipojulikana kama jambo litafaulu, hurushwa dadu. Binamu yangu aliyesoma Nairobi alitufundisha likizo moja, akatuachia dadu zake zenye pande nyingi, akarudi zake mjini.

Wa kwanza kujiunga alikuwa jirani yangu, fundi wa simu, ambaye mtu wake alikuwa mvuvi anayetupa nyavu juu badala ya chini. Wa pili alikuwa rafiki yangu, mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole ambaye mikono yake haikukosa rangi za watoto. Yeye alibuni bibi kizee mwenye kundi la ng'ombe weupe waliokuwa wakilisha chini ya ziwa tangu zamani, kabla maji hayajapaa. Aliwajua wote. Alikuwa akieleza jinsi mmoja anavyogeuza shingo, jinsi mwingine anavyokataa kunywa mpaka aguswe sikio, nasi tulisahau kurusha dadu.

Wa tatu alikuja kwa bahati. Alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Ogwedhi, mtu wa makamo, aliyeingia dukani kutoa nakala ya kitambulisho akatusikia tukibishana kuhusu mamba aliyekuwa akiogelea juu ya vichwa vyetu.

"Huyo mamba yenu akitaka kula anashukaje?" akauliza kutoka mlangoni.

Akavuta kiti, na tangu siku hiyo tukamwita jaduong', mzee wetu. Mtu wake alikuwa mfanyabiashara msafiri asiye na kwao, mjanja, mcheshi.

Basi Jumapili moja mvua ilikuwa inapiga mabati, nami nilikuwa nimesimulia ukungu mzito ukishuka juu ya uwanda. Jaduong' akasugua mikono.

"Kwa ukungu kama huu, mimi naingia boma ya bibi kizee. Nachukua ng'ombe."

Tukacheka. Akarusha dadu, ikamkubali. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: aliinamisha kichwa akapiga mluzi mwembamba, mrefu, unaopanda na kukatika. Ulikuwa mzuri. Nusura niwaone wale ng'ombe wakigeuka kumfuata.

Nilipomtazama mwalimu, alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Wacha," akasema.

"Mwalimu, ni ng'ombe wa hewa," jaduong' akamjibu, bado anatabasamu. Akapiga tena.

"Nimesema wacha! Unaonekana umeizoea hiyo kazi."

Tabasamu la jaduong' likazimika. Kwa mtu anayeuza mifugo, hakuna neno chafu kuliko hilo. Akauliza taratibu, "Unaniita mwizi?" Mwalimu alichukua mkoba wake akatoka kwenye mvua bila mwavuli, na baada ya muda mfupi jaduong' naye akaondoka, bila kumaliza chai.

Fundi wa simu alitazama viti viwili vitupu. "Dada, hii ni rahisi. Wewe ndiye msimulizi. Jumapili ijayo leta radi, impige huyo msafiri, ng'ombe warudi bomani. Mwalimu atafurahi."

Nilivutiwa. Katika nchi ile nilikuwa na uwezo wa kuleta radi. Lakini usiku ule, kila nilipojaribu kuiwaza, niliona tu mikono ya mwalimu pale ukingoni mwa meza, na nikajua kwamba kidonda hakikuwa katika hadithi. Nikimchapa msafiri, nitakuwa nimemchapa mzee wa watu mara ya pili.

Katikati ya wiki nilikwenda kwa mwalimu baada ya shule. Nilimkuta uani, anaosha brashi za rangi ndani ya karai, maji yamegeuka zambarau. Hakunitazama alipoanza kusema.

"Nilikuwa mdogo. Kwetu ni upande ule wa Uriri, karibu na mpaka wa kaunti. Alfajiri moja nilisikia mluzi nje. Nyaminwa, dada yangu, ulikuwa mzuri, nilidhani naota. Nikageuka upande wa pili nikalala. Kulipokucha boma lilikuwa tupu." Akatikisa brashi. "Wezi hawakujulikana. Na sijawahi kumwambia baba kwamba nilisikia."

Nikamsaidia kuinamisha karai. Maji ya zambarau yalimwagika, yakafuata mfereji mdogo hadi chini ya migomba.

"Nimwambie jaduong'?" nikauliza.

"Hapana. Nikiweza nitamwambia mwenyewe."

Siku ya soko nikaenda Ogwedhi. Jaduong' alikuwa amesimama kati ya migongo ya ng'ombe, vumbi likimfika magotini, fimbo kwapani. Alinisalimu kwa adabu lakini hakunikaribisha chai.

"Nyathina," akaniambia, mwanangu, kama alivyoniita siku zote, "hapa mimi naishi kwa jina. Watu wananipa ng'ombe wao kwa sababu ya jina. Yeye amenivua nguo mbele yenu."

"Najua. Sikuja kukuambia usamehe. Nakuomba tu uje Jumapili. Hatutacheza."

Akamgusa ndama aliyekuwa akimsukuma, akamwelekeza kwa mama yake. "Nitafikiria."

Alikuja. Wote walikuja. Nilikuwa nimeziweka dadu kabatini na mezani palikuwa na bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, na chai. Nilisema tu kwamba hadithi imesimama, na kwamba yeyote mwenye la kusema atasikilizwa hadi mwisho.

Mwalimu alitwambia yote, pamoja na ile sehemu ya kugeuka na kulala. Aliisema akikiangalia kikombe. Kisha akainua macho. "Jaduong', neno lile sikukuambia wewe. Lakini lilikupata wewe. Naomba msamaha."

Mzee akasukuma kikombe chake kando. Mabati yalilia kwa jua.

"Lilinichoma," akasema. "Lakini na mimi uliniambia niache, nikapiga tena. Hiyo ni kosa yangu. Ule mluzi ni wa baba yangu. Aliupiga wakati wa kunywesha. Ng'ombe wakisikia wanajua maji iko karibu. Mimi sijui mwingine."

"Wa maji?" mwalimu akauliza.

"Wa maji tu."

Mwalimu akalia kidogo, bila sauti, na fundi wa simu, mtu asiyejua kunyamaza, akamsogezea bakuli la nyoyo na kunyamaza. Baadaye ni yeye aliyependekeza kwamba kuanzia sasa mtu akigeuza kikombe chake kifudifudi, hadithi isimame hapo hapo, na asiulizwe kwa nini. Tukakubaliana pia kwamba huwezi kumnyang'anya mwenzako kitu katika nchi ile kabla hujamuuliza yeye mwenyewe, mtu wa mezani, kama anaridhia.

"Sasa ng'ombe?" jaduong' akauliza. "Nikurudishie?"

Nilitegemea mwalimu aseme ndiyo. Akatikisa kichwa.

"Waache waende. Bibi kizee atawafuata. Anataka kuona wanakokwenda."

Hatukuwa marafiki wa kukumbatiana baada ya hapo. Kwa Jumapili kadhaa mwalimu na jaduong' walizungumza kwa uangalifu, kama watu wanaobeba mtungi pamoja. Mara moja jaduong' mwenyewe ndiye aliyegeuza kikombe, nilipokuwa nikisimulia mzee anayeoga mtoni, nasi tukazungumza mambo ya mvua mpaka akakirudisha sawa. Siku hizi fundi wa simu amehamia Homa Bay na hucheza nasi kwa simu, sauti yake ikikatika katika mahali pabaya zaidi.

Bibi kizee bado anatembea. Jumapili iliyopita alifika mahali ambapo nyayo za kwato zinaingia kwenye nyasi zisizoisha, na msafiri asiye na kwao alikuwa ameketi hapo akimngoja. Wakaambatana. Juu yao mawimbi yalikuwa yakipita, na vivuli vya samaki vikateleza juu ya mabega yao.

"Mbele kuna nini?" mwalimu akaniuliza.

Sikujua. Nikawaambia wanasikia harufu ya mvua.

"Basi twende pole pole," akasema jaduong', akajimiminia chai.