Jina la Hezron Lafika Riyadh

Hezron, karani wa makontena pale Bandari ya Jeddah, alikuwa na ugonjwa mmoja: Myunani wake. Alimsoma chuoni, mtunzi wa vichekesho wa zama za kale ambaye michezo yake yote ilipotea, vikabaki vipande tu walivyonukuu wengine. Ukiketi naye Kandara, mtaa wa huko huko Jeddah, kunywa chai, utake usitake, utasimuliwa Myunani.

Lakini tumpe haki yake, kalamu alikuwa nayo. Alitunga mchezo wa wakala wa Nairobi wa kupeleka yaya Uarabuni, aliyesaini mkataba wa yaya kwa pupa kwa jina lake mwenyewe, akajikuta anapiga pasi kwa tajiri mtaani Al-Nuzha. Waigizaji wake walikuwa kina dada wa kazi za ndani, wasiopata mapumziko siku ile ile moja. Kwa hivyo kila mmoja alirekodiwa sehemu yake akatumiwa kwa simu. Mchezo mzima, mbali na yeye, alikuwa nao mtu mmoja tu, Ibra, aliyelala naye chumba kimoja na kula naye sahani moja. Lo, kikulacho!

Ilikuwa miaka ile mambo yamefunguka Saudia, sinema na tamasha kila upande. Riyadh wakaalika michezo ya wageni. Hezron alitaka kitu kimoja: jina lake litajwe mbele ya watu kabla ya mchezo, kama mpiga mbiu wa Uyunani alivyomtaja mtunzi. Ibra akatangulia na kina dada, safari hii waajiri wakiwaruhusu kwa ajili ya tamasha, eti kuweka mambo sawa. Hezron akambembeleza bosi ruhusa, akapanda basi.

Mtangazaji akasema mtunzi ni Ibra. Hezron akadhani ulimi umeteleza. Damaris, aliyeigiza madam mwenye nyumba, alimwona pale kitini, akainamisha macho. Hapo Hezron akajua ameibiwa.

Maneno yalikuwa yake yote, isipokuwa mhusika mmoja mpya: karani wa bandarini anayemhubiria kila mpita njia habari za Myunani, hata mwenye haja ya choo. Hezron ndiye aliyemfundisha Ibra kwamba watunzi wale wa kale walidhihaki watu kwa majina yao, watu hao wenyewe wakiwa wameketi wakitazama.

"Naitwa Hezron," Ibra akasema jukwaani, akakohoa kikohozi cha Hezron. Ukumbi ukaangua kicheko.

Baadaye Hezron akamkuta Ibra mlangoni, jasho likimtiririka, amezungukwa na wapiga picha.

"Usininunie, ndugu yangu," Ibra akasema. "Si ulitaka jina litajwe?"