Taa za Ngazi ya Mke Mwenzangu

Nina wivu, nisikufiche. Na wivu wenyewe ni wa taa.

Huku milimani juu ya Same tumejenga kwa kupandiana. Chini ni kwa mama mkwe, katikati kwangu, na juu kwa mke wa shemeji yangu, yule tunayeitana mke mwenzangu. Ngazi ya mawe inatoka mlangoni kwa mama, inapita kwenye kona ya uwanja wangu, inapanda hadi kwake. Mama macho yamepungua nguvu, na mlima ukishaficha jua alikuwa hathubutu kwenda mbele zaidi ya kwangu. Basi kila jioni anaishia hapa, anavuta kigoda, tunachambua maharage ya makande ya kesho huku akinipa habari za ukoo mzima. Nami nikajiona mkwe kipenzi. Kumbe giza ndilo lililokuwa linaniletea mgeni!

Mke mwenzangu akanunua taa za sola. Vijitaa tu, vya mwanga wa njano, akavipachika chini pembeni mwa mawe, kila kimoja amekivisha kofia ya bati ili kimulike mguu na kisimpige mtu machoni. Kuanzia mlangoni kwa mama hadi kwake. Kimoja kiko pale kwenye kona yangu, na wala hakuniuliza.

Jioni ya kwanza nikasikia fimbo ya mama inagonga mawe, nikatoa kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ngoja nikafike kwa mwenzio."

Akapita. Kesho yake akapita tena. Nikawa nasikia wanavyocheka huko juu, mimi na ungo wangu wa maharage peke yangu. Roho iliniuma, jamani, iliniuma kweli! Walikuwa wanacheka nini?

Nikateremka Same, nikarudi na taa ya sola kubwa, utadhani ya kumulika uwanja wa mpira. Kama ni taa, basi tuone nani ana taa. Nikamwambia fundi aifunge juu ya bati, ielekee ngazini, ili mama asiweze kupita bila kuona kwangu.

Giza lilipoanza kuingia ikawaka yenyewe. Uwanja wote mweupe pee! Mama akafika kwenye kona, akasimama, akajikinga macho kwa kanga.

"Gari la nani limesimama kwenu? Mwambieni azime taa, asije akanigonga!"

"Si gari, mama, ni mimi!"

"Wewe nani?"

Mimi! Mkwe wake wa miaka yote hii! Akapapasa kwa fimbo, mguu ukakosa jiwe, nikamdaka kabla hajaanguka.

"Zima hilo dude, mwanangu, nikuone."

Nikalizima kwa rimoti. Baada ya kuponea chupuchupu hakutaka kupanda tena, kwa hiyo nikamwekea kigoda palepale kwenye kona na kuleta ungo. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilimpata, na huko juu kimya.

Mama akausogeza ungo karibu na kile kijitaa cha kwenye kona, akainama, akaokota kokoto katika maharage ambayo mimi nilishayachambua.

"Mwenzio ana akili," akasema. "Ona, hata kwako sasa kunaonekana."