Nilimwambia Mama Mwisho

Ubaya wangu ni mdomo. Nikijua kitu lazima nikiseme, na nikichoka nakisema kwa ukali.

Kila siku ya yenga, yaani Jumapili, kisha misa, mama na mimi tulikaa mbele ya televisheni katika nyumba yetu ya mtaa wa Kapata, ile marehemu baba aliyoachiwa na kampuni ya migodi. Tulikaa umeme ukiwapo, lakini. Bwawa la Nzilo liko pale karibu, na umeme wake unapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wengine.

Tulikuwa tukifuata filamu ya polisi ya Wafaransa, ya sehemu nyingi: msichana mdogo amepotea katika mji wa mvua, na inspekta mmoja mwanamke anamtafuta. Mama hasikii Kifaransa. Mimi nilitafsiri, yeye alitukana washukiwa. "Ule tata, ule muzee wa koti! Angalia macho yake. Njo yeye!" Kila juma alikuwa na mhalifu mpya, na nilicheka mpaka machozi.

Lakini mama hakuangalia kwa ajili ya mhalifu. Mdogo wangu, mwanawe wa mwisho, aliingia shimo la Kasulo kuchimba kobalti, na shimo likaanguka. Mwili haukupatikana. Kwa kuwa kule mashimo yanakutana chini ya nyumba za watu, mama alishika neno moja: mtoto alitokea upande mwingine, akaenda zake mbali kwa hofu. Mwaka mzima wajomba walingoja aseme tu "tukae matanga", naye hakusema. Na kila sehemu ya filamu ilipokwisha aliniambia: "Unaona ule mama polisi? Hachoke. Na we kesho uende Kasulo, uulize tena." Nilienda. Wachimbaji walishanizoea, walinionea huruma, wakanipa kiti.

Mama mmoja anayeuza filamu sokoni ndiye aliyeniambia kwamba hii ya Wafaransa ni ya kuiga. Ya kwanza ilitengenezwa na wazungu wa kule kwenye theluji, Skandinavia. Akanitilia yote kwenye flashi. Niliimaliza kwa siku mbili, kwenye kompyuta ya ofisi. Msichana alikuwa amekufa tangu siku ya kwanza.

Siku ya yenga iliyofuata ikabaki sehemu moja tu. Mama akapiga makofi: "Batamupata! Na we kesho..." Ah, nilichoka. Jua la Kasulo, kile kiti, huruma ya wale watu, yote yalinipanda kichwani. "Mama, mutoto alishakufa! Mi nilishaona mwisho. Alikufa zamani, ule mama polisi anajisumbua bure!"

Mama akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Niliona wazi kwamba hatuzungumzi tena juu ya filamu, na bado sikujirudi. Kesho yake akasema: "Ita bajomba."

Tulikaa matanga siku tatu, picha ya mdogo wangu juu ya kiti. Tukazika suruali yake ya kazi pamoja na udongo wa Kasulo. Tangu hapo mama hakunituma popote, wala hakukaa tena mbele ya televisheni.

Juzi waliirudia ile filamu ya Wafaransa. Nikaangalia sehemu ya mwisho, ambayo sikuwa nimeiona. Kumbe walibadilisha! Inspekta anavunja mlango wa kibanda, msichana yumo, amekonda, anapumua. Ee Mungu wangu. Nilimwapia mama kitu ambacho sikukiona.

Nikakimbia nje. Mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, balimupata ule mutoto! Eko muzima! Nilikudanganya, unisamehe. Kuya uone."

Aliushika mchi juu kidogo.

"Ule ni wa kwao," akasema. "Wa kwangu nilishamuzika. We mwenyewe njo ulisema alikufa."

Kisha akaendelea kutwanga.