Picha ya Mkimbiaji wa Usiku

Mimi ni mwoga, na sijawahi kuona haya kusema hivyo. Mbwa akibweka navuka barabara. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nami nimeishi miaka arobaini na kitu nikiiegemea methali hiyo. Labda ndiyo sababu niliipenda kazi ya kamusi elezo ya mtandaoni, ninayoifanya kwa kujitolea nikitoka kazini. Unakaa nyumbani kwako Kaloleni, mlango umefungwa, unasahihisha makala za watu kuhusu volkano na simba, na hakuna kinachoweza kukufikia.

Humo tuko wachache. Tunaoshughulika na picha hatuzidi saba, na wenzangu siwajui ila kwa akaunti zao. Mtu akileta picha, tunaijadili kwa wiki moja kisha tunapiga kura. Tunajiuliza kama inaonyesha kweli kile inachodai kuonyesha, na kama msomaji ataelewa zaidi akiiona. Uzuri peke yake hautoshi. Nimekataa machweo mengi sana ya ziwa letu, hata mpiga picha mmoja wa hapa Kisumu akaniandikia kwamba moyo wangu ni wa jiwe.

Picha ninayoieleza ililetwa Jumatatu, kwa ajili ya makala kuhusu wakimbiaji wa usiku. Kwetu mtu huyo anaitwa jajuok. Wengine wakilala, yeye anatoka, anavua nguo, anakimbia kwenye maboma ya watu akitupa mawe juu ya mabati na kutikisa milango. Mchana ni jirani yako, anakusalimia vizuri tu. Tunacheka sana tukisimuliana habari zake, mpaka siku anapotajwa mtu kwa jina. Nikiwa darasa la sita nilipita mbele ya nyumba iliyochomwa kwa sababu hiyo. Mwenyewe alikuwa mzee asiyeona vizuri.

Ilikuwa picha kali. Umeme wa radi ulikuwa umemulika boma zima, matone ya mvua yamesimama hewani, na katikati mwanamke mzee anakimbia, miguu yote miwili imeacha ardhi. Alionekana kama yuko uchi. Mikono ilikuwa juu, na nyuma yake kitu cheusi kimetanuka kama mabawa. Uso haukuonekana. Chini paliandikwa: "Mkimbiaji wa usiku, Nyakach." Kura tatu za kuunga mkono zilikuwa zimeshapigwa. Nywele zilinisimama, kisha nikafurahi, maana makala ile haikuwahi kupata picha. Nikaandika kwamba naunga mkono. Kabla ya kutuma nikaikuza, kama ninavyofanya siku zote, niangalie kama haina ukungu.

Nyuma ya mwanamke palikuwa na tangi la maji. Bomba la kuingizia maji ya mvua lilikuwa limefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, mafundo matatu, na waya wa bluu juu yake. Mafundo yale niliyafunga mimi, mwezi wa Desemba. Lile lilikuwa boma letu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka sokoni Pap Onditi, na humo anakaa mtu mmoja tu, mama yangu.

Nilifunga kompyuta. Nilipoifungua tena nikafuta nilichoandika, nikapinga. Ukipinga lazima utoe sababu, kwa hiyo nikasema hakuna ushahidi kwamba huyu ni mkimbiaji wa usiku. Mwalimu mmoja wa Dodoma, mtu wa maneno mengi lakini mwenye haki, akanijibu: "Ndugu, mkimbiaji wa usiku hatembei na kitambulisho. Unataka ushahidi gani?" Kisha akajibu mwenye picha, ambaye akaunti yake ilikuwa na umri wa siku mbili: "Lisemwalo lipo. Huyu mama namjua. Mkitaka nitaweka jina na boma lake."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kadiri nilivyodai ushahidi, ndivyo nilivyozidi kulivuta jina la mama yangu lije hadharani. Tuna sheria inayokataza picha ya kumvunjia heshima mtu anayetambulika, lakini ili niitumie ilibidi kwanza niseme kwamba anatambulika. Na kwenye kamusi yetu neno likishaandikwa halitoki, hata ukilifuta historia ya ukurasa inalitunza. Nikaandika haraka kwamba naondoa ombi la ushahidi, na kwamba napinga kwa kuwa picha ina ukungu. Haikuwa na ukungu. Ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kupima, na yule mwalimu akaniuliza kwa upole kama macho yangu ni mazima.

Niseme na hili, maana bila hili nitakuwa nimedanganya. Sikuwa nawaogopa watu tu, nilikuwa namwogopa mama. Husemwa kwamba jambo hili linakaa kwenye ukoo, kwamba mke akiolewa hufundishwa na mama mkwe. Nikaanza kukumbuka asubuhi za utotoni nilipomkuta na matope miguuni. Mama gani wa shamba hana matope miguuni? Lakini nilikumbuka hivyo hivyo.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda nyumbani. Nilimkuta nje anapepeta mtama. Mama huchanganya Kiluo na Kiswahili cha sokoni, na aliponiona ungo ukasimama mkononi.

"Wuoda, mwanangu, leo si Jumamosi," akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, Mama. Kuna picha nataka uone."

Alifuta mikono kwenye leso, akaishika simu mbali na macho.

"Hii ni ile mvua ya Ijumaa," akasema. "Mtama ilikuwa nje. Mimi natoka na turubai, upepo inataka kuninyang'anya." Akacheka kidogo. "Angalia shimizi vile imenishika. Nimezeeka, kweli."

Nikaichukua simu. Chini, kwenye pembe ya kulia, palikuwa na kitu nilichodhani ni changarawe. Ulikuwa mtama. Nikakaa pale pale kwenye makapi. Ndipo nikamweleza picha ilikotoka na maneno yaliyoandikwa chini yake.

Hakucheka tena. Aligeuka akautazama ua wa minyaa, mahali palipoachana upande wa jirani. "Alisimama pale," akasema, na hakutaja mtu. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, umekuja kunionyesha ama umekuja kuniuliza?"

"Kukuonyesha, Mama."

Alinitazama machoni. Alijua, nami nikajua kwamba amejua. Nimefanya mengi ya aibu maishani, lakini hakuna linalonichoma kama jibu lile.

"Andika ni mimi," akasema. "Andika ni mama yako, anafunika mtama. Ukinificha watasema niko na kitu ya kuficha."

Nilimsihi. Nikamwambia jina likishatoka halirudi.

"Hiyo jina hata sasa iko njiani," akasema. "Afadhali itoke kwako."

Niliandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake. Nikasema mwanamke huyu ni mama yangu, mvua ilimkuta na mtama nje, watazame pembe ya chini kulia. Hadi jioni kura zote tatu zilikuwa zimeondolewa. Mwalimu wa Dodoma aliomba radhi na kumtumia mama salamu. Kisha, kwa vile hawezi kujizuia, akauliza kama picha hiyo isingefaa kwenye makala ya mtama, maana hatuna hata moja inayoonyesha mtu akiiokoa nafaka yake na mvua. Hakukosea. Kwa maswali yetu yote, picha ile ilistahili. Nikapinga, na kwenye sababu nikaandika kwamba naogopa. Hakuna aliyenibishia. Picha ikaondolewa, mwenye akaunti hakuonekana tena, lakini simu iliyoipiga bado iko na mtu, na juu ya hiyo sisi hatuna kura.

Tangu hapo nampigia mama kila jioni. Huniambia anaenda sokoni, watu wanamsalimu, nile vizuri. Wiki tatu baadaye mvua ilianza ghafla, saa moja jioni, ikitokea upande wa kwetu. Nikapiga. Niliisikia ikigonga mabati yake.

"Mtama umeingiza, Mama?"

"Iko nje."

"Na turubai?"

"Niko nayo hapa kwa mkono," akasema. "Nimekaa nayo kwa mlango. Umeme inamulika sana, mpaka pale kwa minyaa."

Nilitaka kumwambia atoke, nikashindwa. Tulibaki kwenye simu tukiisikiliza mvua ikinyeshea mtama wake, na hakutoka.