Kazi ya Mwanangu Ilipimwa Jua Likiwa Kali

Admin nifiche jina tafadhali, maana watoto wangu wote wawili wanafuata hii page.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, mjane, naishi upande wa Kyuso. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo nikiandika vibaya mnisamehe. Nina watoto wawili, nitawaita Mutua na Mwende ingawa si majina yao. Nimelima ndengu mpaka mgongo ukapinda ndio wasome kompyuta. Leo hawaongei, na kilichowakosanisha ni michoro ya simu.

Mutua ametengeneza kitu anaita maktaba ya kuchora, lakini haina vitabu. Nilivyoelewa mimi, ni kazi ya kompyuta iliyoandikwa tayari, mwingine anaichukua ndio tovuti yake iweze kuchora ramani na picha zinazotembea ndani ya brauza, bila kuweka programu kwa simu. Amekaa na hiyo kazi miaka, hata bibi hajaoa. Sasa kampuni moja ya Nairobi inataka kuonyesha wakulima ramani ya mvua. Wakataka kulinganisha ya Mutua na nyingine ya wageni wa ng'ambo, waone gani inakimbia vizuri kwa simu ndogo kama yangu. Kazi ya kupima akapewa Mwende, ambaye ameajiriwa hapo kwa muda wa majaribio. Alimwambia mkubwa wake wazi, "Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, lakini sitampendelea."

Akaja kupimia nyumbani, kwa simu yangu. Asubuhi kukiwa bado na baridi akafungua ile ya wageni. Ramani ikateleza tu.

"Unaona, mwaitu?" akaniambia, hivyo ndio watoto wa kwetu huita mama. "Simu inachora picha nyingi kwa sekunde moja, ndio macho yasione ikikwama."

Kabla afungue ya Mutua, mimi nikamuita tuanike ndengu. Jua likitoka kazi hiyo haingoji. Tukatandaza turubai, tukapepeta, tukamaliza saa saba. Simu ilikuwa imebaki mezani ikichaji kwa sola, na nyumba ya mabati saa hiyo ni tanuri. Akafungua ya Mutua. Ikakwama kwama kama punda aliyekataa mlima. Mwende akatingisha kichwa, akaandika, akatuma.

Kampuni ikamwambia Mutua kazi yake imeshindwa. Akanipigia akilia, mwanaume mzima. Mimi katika kumtuliza nikasema, "Mwanangu, dada yako alijaribu. Ya wageni alipima asubuhi, yako akapima tulipotoka kuanika ndengu."

Akaacha kulia. "Mama, hebu sema tena."

Nikasema tena. Ndio akanieleza simu ikishika moto inajipunguza mwendo yenyewe isiharibike. "Mama, wewe ungekubali mnunuzi apime ndengu za jirani zikiwa na umande, zako azipime zikiwa zimekauka?"

Huku kwetu hata mtoto anajua umande una uzito.

Nikamuita Mwende, aliyekuwa bado nyumbani, nikaweka simu spika, nikidhani wataelewana.

"Mwaitu, ripoti ilishaenda," Mwende akasema. "Nikisema leo nilikosea, na anayefaidika ni ndugu yangu, nani ataniamini? Watasema damu imeongea. Watanitoa."

"Basi pima tena!" Mutua akasema.

"Nikipima tena ni wewe umenituma!"

"Unaogopa mkubwa wako kuliko Mungu."

"Na wewe unapenda michoro yako kuliko mimi. Kaa nayo ikupikie!"

Simu ikakatwa. Mpaka leo.

Na mwezi ujao wakwe wanatuletea mbuzi za ntheo, zile za kumposa Mwende. Bila ntheo, kwa sisi Wakamba msichana bado si bibi ya mtu. Baba yao hayuko, na Mutua ndiye wa kusimama mahali pake azipokee. Sasa Mutua ameniambia, "Mama, rekodi sauti useme ulichoona, niipeleke kwa kampuni. Ukinitumia nitakuja. Usiponitumia, mbuzi mtapokea wenyewe." Nikamwambia Mwende. Akasema polepole, "Ukituma hiyo sauti, mwaitu, usipike chakula cha ntheo. Sitakuwa na kazi, na sitasimama karibu na yeye."

Nilimweleza mama mmoja wa kanisa, akasema niombe. Nimeomba. Nikiinuka magotini simu bado iko hapo kitandani na mimi ndiye mwenye kuishika.

Sauti nimerekodi. Sikuongeza kitu, nimesema asubuhi na nimesema saa saba, na nimesema mimi ndiye nilimuita aje tuanike. Nikijisikiliza, naona ni ukweli mtupu. Lakini ukweli huo nikiutuma nampoteza msichana, nikiufuta nampoteza kijana, na hawa wawili ndio nimebaki nao duniani.

Nawaandikia jua likiwa utosini na simu imeshika moto kama siku ile, nagusa herufi inachelewa kuja. Wenye watoto, nisaidieni mawazo. Niitume hiyo sauti ama niifute? Nishaurini, mama afanye nini?