Mafuta Ambayo Maman Alimnyima Jirani

Juzi, matangani kwa maman, mama yangu mzazi, mke wa jirani yetu wa zamani aliketi kando yangu, akapokea sahani yake ya ugali na visamaki vya sambaza, akatikisa kichwa. "Maman yenu alikuwa mutu muzuri," akasema. "Ni ile maneno ya mafuta tu." Watu wawili watatu wakaguna kukubali. Msibani si mahali pa kugombana. Basi acha nikueleze wewe.

Maman alikuwa mkunga. Pikipiki yake kubwa nyekundu ilimpeleka kuzalisha hadi Mudaka na kumrudisha, na wewe unaijua miteremko yetu udongo ukishalowa. Kwa hiyo kila Septemba, kabla mvua haijachachamaa, alibadilisha mafuta ya breki na ya klachi mwenyewe, pale uani, Jumamosi, nguo zikiwa bado zinachuruzika kwenye kamba. Kazi yangu ilikuwa kushika mkono wa breki. Akisema "Finya!" nilifinya, naye akalegeza skrubu ndogo kule chini, mafuta ya zamani yakatiririka kwenye kopo, meusi kama chai iliyolala. "Usiachie!" Akakaza. "Sasa achia." Ukiachia mapema hewa inaingia na kazi inaanza upya, na maman hakuwa mtu wa kuanza upya kwa furaha. Jikoni maharagwe yalichemka, na hadi leo harufu yake na ile harufu kali ya mafuta siwezi kuzitenganisha.

Sasa huyo jirani. Jumamosi moja alikuja ameshika gilasi, kama mtu anayeomba chumvi. Kwetu hakuna aliyenyimwa kitu: makaa, mawese, vyote vilivuka ua. "Maman, ile mafuta yenye imebakia, unipe kidogo tu. Pikipiki yangu nitaitia juma ijayo."

Maman akakataa. Alimweleza kwamba mafuta haya yakishafunguliwa hunywa unyevu wa hewa, kama chumvi isiyofunikwa, na juma lijalo yeye mwenyewe asingeyatia. Kisha akasema, na nilisikia kwa masikio yangu: "Papa, leta pikipiki yako saa hii. Tuimalize hapa hapa, mafuta ingali mupya."

Hakuileta. Angeiletaje? Avenyu nzima ingeona pikipiki ya mwanaume mzima inatengenezwa na mwanamke aliyejifunga kitenge! Akarudi kwake na gilasi tupu, akajazia breki zake mafuta ya kukaangia kutoka jikoni kwa mke wake. Siku chache baadaye, akiwa kwenye mteremko, alifinya breki, ikazama bila kukamata, akaishia mtaroni na mguu umevunjika. Fundi aliyeifungua ile pikipiki ndiye aliyetuambia alichokuta ndani.

Unafikiri aliyelaumiwa ni nani? Maman! "Angemupa hata kidogo," wakasema kwenye foleni ya maji ya robine, wakasema tena nje ya kanisa baada ya misa. Na mke wake, aliyeiona chupa yake ya mafuta imeshuka, hakufungua mdomo. Nilitaka kwenda kupiga kelele mlangoni kwao. Maman akanishika mkono. "Acha anitukane. Mutu mwenye kutukana, iko muzima." Halafu akawapelekea maharagwe. Sufuria ilirudi haijaoshwa.

Na mke huyo ndiye anayekuja kula kwenye matanga ya maman na kumwita mchoyo!

Pikipiki ile iliuzwa. Uani pamejengwa vyumba vya kupangisha, na sijui tena ni ukuta gani umesimama pale tulipokuwa tunachuchumaa. Mafuta ya breki siku hizi yanauzwa kando ya barabara, kifuniko kwa kifuniko, kutoka kwenye chupa inayoshinda wazi kwenye vumbi na mvua. Jana nilisimama hapo na pikipiki yangu, nikiwa na haraka. Muuzaji akanimiminia kifuniko kimoja, akaongeza cha pili bure, akicheka. "Kamata, maman. Hakuna shida."

Mtu mkarimu kabisa. Mji mzima umekuwa mkarimu. Nilibaki na kile kifuniko mkononi, hasira imenijaa mpaka machozi, nikageuka kumtafuta mtu wa kunikatalia. Tumemzika.