Hompeji na Nyumba ya Mama

Ninaandika haya kwa sababu yakibaki kichwani nacheka peke yangu darasani, na mwalimu wa hesabu ameshaniuliza mara mbili kama niko sawa.

Baba ana nyumba ya wageni Usenge, vyumba vinane, karibu na pale wanawake wanapoanika omena, dagaa wa ziwani. Wanaolala hapo ni wanunuzi wa samaki. Mmoja wao alimwambia kwamba siku hizi nyumba ya wageni isiyo na websaiti ni kama haipo. Baba alichukia sana kuambiwa hayupo. Likizo ya Agosti ilipofika akasema tunaenda Kisumu kwa watu wanaotengeneza hizo websaiti, na mimi nitakuwa mkalimani, kwa sababu nimesoma kompyuta.

Ni kweli nimesoma. Shuleni iko moja, sisi tuko arobaini, na muhula mzima tuliichora kwenye daftari na kuandika majina ya sehemu zake. Lakini mimi ni mtu wa kuona haya. Kumweleza Baba hayo kungehitaji sentensi ndefu, kwa hiyo nilikubali.

Hao watu walikuwa mtu mmoja. Kijana wa Kiislamu, mzaliwa wa Kaloleni, hapo hapo mjini, na chumba chake kimoja juu ya duka la nyavu. Alikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilidhani ataifunua mara moja. Hakuigusa. Alitoa daftari kubwa akaanza kutuuliza kama daktari: wageni wako ni akina nani, wanakujuaje, wanalalamika nini.

"Hapana mtu analalamika kwangu," Baba alisema.

Fundi akaandika hilo pia. Halafu akauliza, "Sasa Mzee, hompeji yako unataka ioneshe nini?"

Baba akanigeukia. Neno hilo nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Ningeuliza maana yake, lakini fundi alikuwa na macho mazuri na mimi nilikuwa nimeshaanza kuangalia meza. Hom ni nyumbani. Peji ni ukurasa. Nikamwambia Baba kwa Kijaluo kwamba anauliza ukurasa wa dala, yaani wa boma lako, uoneshe nini.

Baba alikaa wima. "Huyu ni mtu wa heshima," akaniambia. "Anaanza na boma." Kisha akamgeukia fundi na Kiswahili chake. "Andika. Mgeni anaingia kwa lango. Akishaingia, macho yake inakutana na nyumba. Hiyo nyumba ndiyo unaweka mbele. Hiyo mambo ya vyumba vya kulala itakuja nyuma."

Fundi aliandika huku akitabasamu. Baadaye aliniambia kwamba hajawahi kupata mteja aliyeelewa hompeji upesi namna hiyo.

Shida ilianza tukiwa bado kwenye ngazi. Katika boma letu nyumba inayotazama lango ni ya mama yangu, mke wa kwanza. Ni ya udongo, na mabati yake yana kutu. Ya mama mdogo, mke wa pili, iko upande, lakini ni ya matofali, ina madirisha ya vioo na veranda nyekundu. Baba alisema itakayopigwa picha ni ile ya vioo.

Sijui nani alimwambia Mama. Tulipofika nyumbani alikuwa anaparua samaki, na hakuinua kichwa.

"Hao watu wa dunia nzima," akasema, "wakiingia wataanza kwa nani?"

Nikasema sijui.

"Mimi ndiye niliingia kwa hili lango kwanza. Wakati halikuwa lango, ilikuwa miba tu."

Asubuhi nilimkuta anakandika ukuta wa mbele upya, matope mpaka viwikoni. Mpiga picha alipokuja kutoka Bondo kupiga nyumba ya vioo, Mama alisimama mlangoni pake na gauni la kanisani. Hakumwita. Alisimama tu, akimwangalia, mpaka mpiga picha akashindwa akampiga picha moja.

Juma lililofuata tulirudi Kisumu na bahasha yenye picha zote mbili. Fundi alikuwa amechapa mfano wa websaiti kwenye karatasi, kwa sababu hapigi kazi mpaka mteja atie sahihi. Juu kulikuwa na jina la nyumba ya wageni. Chini yake, sanduku kubwa lenye mistari miwili iliyokatana pembe hadi pembe, na maneno PICHA HAPA.

Baba aliitazama ile mistari. "Bwana, mbona umepiga nyumba yangu kosa?"

"Si kosa, Mzee. Ni nafasi ya picha."

"Hata mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa anasema hivyo hivyo, si kosa, halafu unaona sifuri."

Walibishana mpaka fundi akachora sanduku jingine kwa kalamu, bila ile mistari, na Baba akatia sahihi yake ndefu yenye mkia. Halafu akateremka kwenda kuangalia nyavu, akaniachia nikabidhi bahasha.

Fundi aliziweka picha mezani. "Ipi ndiyo ya hompeji?"

Niliziangalia zote mbili. Yeye alidhani sijaelewa, akanieleza pole pole kwamba hompeji ni ukurasa wa kwanza tu, ule unaofunguka kabla ya mwingine, na kwamba hauna uhusiano na nyumbani kwa mtu. Hata picha ya vitanda ingefaa.

Hapo nikajua kwamba nilimtafsiria Baba vibaya. Wakati huo Baba alikuwa ameshawaambia watu wa ufuo mzima kwamba boma lake linaingia kwenye intaneti. Ningekuwa msichana jasiri ningeshuka nikamwambia. Sikushuka. Nilisukuma picha moja kwa kidole, ile ya Mama.

"Hii? Una hakika?"

Niliitikia kwa kichwa.

Siku ya kuiona tulienda wote: Baba, Mama, mama mdogo na mimi. Mama alivaa lile gauni tena. Fundi alipiga simu kwa kompyuta ili aingie intaneti, ikalia na kukoroma, na mama mdogo akauliza kama kuna mtu humo anateswa. Halafu ukurasa ukaanza kuja. Picha haikuja yote pamoja. Ilishuka kutoka juu, ukanda mwembamba baada ya mwingine, na kati ya ukanda na ukanda ungeweza kumenya ndizi.

Kwanza mbingu.

"Hiyo ni mbingu yetu," Baba alisema.

Halafu ukingo wa paa. Mimi nilikuwa nahesabu vidole vyangu vya miguu.

"Hii bati ina kutu."

"Ni rangi za kompyuta, Mzee," fundi alisema, na alikuwa anasema kwa moyo safi.

Ukaja ukuta wa udongo. Kikaja kitambaa cha kichwa, na chini yake Mama mwenyewe, paji la uso, macho, kola ya gauni. Mama aliinama akajitazama akiteremka, mkono mdomoni.

Baba alinigeukia mimi. Fundi, ambaye hakujua lolote, alitoa ile karatasi ili tulinganishe. Baba akaikuta sahihi yake, na mkia wake. Alifungua mdomo.

"Afadhali," mama mdogo akasema.

Wote tukamtazama.

"Nilikuwa silali. Wageni wa dunia nzima waingie kwangu, na watoto wangu bado wadogo, niwapikie na nini? Waende kwa mkubwa. Yeye ndiye ana sufuria kubwa."

Baba alifunga mdomo, akafikiri, akamwambia fundi, "Unaona? Hivyo ndivyo boma inakaa," kana kwamba alikuwa anasema hivyo tangu mwanzo.

Mwisho wa ukurasa kulikuwa na namba ndogo ndani ya kisanduku cheusi. Mama akaniomba nimsomee. Nikasoma: wageni waliofika hapa, saba.

Kesho yake asubuhi sahani zote za nyumba yake zilikuwa kwenye kichanja, zimeoshwa, zinameremeta juani. Mama alikuwa anasuuza ya mwisho.

"Saba," akasema. "Walipita lini? Na hakuna mtu aliyewapa hata uji."

Fundi alikuwa ameniambia kwamba sita ni yeye mwenyewe, akijaribu kama inafunguka, na wa saba ni sisi. Nilikuwa na sentensi hiyo yote mdomoni, imekamilika.

"Walianza kwa nani?" Mama akauliza.

"Kwako, Mama."

Aliigeuza sahani ichuruze maji. "Basi walifika vizuri."